Shamba Lisilowekewa Bango

Kila mwaka Juni inapokaribia kwisha, Anthoula Mavroudis hulala vibaya, na mumewe ameshazoea. Mhasibu mkuu wa kampuni ya mizabibu atalalaje wakati wa kufunga hesabu? Ndivyo alivyowajibu watu waliomuuliza macho yake yana nini. Mwaka huu lakini ulikuwa uongo, kwa sababu hesabu zilikuwa zimenyooka. Kilichomkosesha usingizi ni shamba moja la Mzee Anestis Karvelas, pale mto Murray unapokata kona kabla ya kufika mji wa Renmark, kusini mwa Australia. Kampuni ilikuwa imelinunua Machi, na aliyekwenda kulinunua ni yeye.

Ajabu ya dhambi ni kwamba unaweza kuishi nayo vizuri tu mpaka atokee mtu aulize swali. Mtu huyo alitoka Adelaide na mafua yake. Jina lake Tamsin Pryor, mkaguzi wa hesabu, binti mwembamba mwenye kichwa kigumu, aliyekaa ofisini kwa Anthoula akipenga makamasi na kufunua karatasi.

"Dada Anthoula, hili shamba la Karvelas linanitesa," alisema. "Mmenunua kwa dola laki mbili na kumi. Sasa mthamini anasema laki nne na themanini. Miezi mitatu tu! Mmechimba mkapata dhahabu?"

"Tungepata dhahabu ungenikuta hapa, mdogo wangu?"

Tamsin alicheka, akapenga tena. Anthoula naye alicheka, na kicheko chake mwenyewe kikamchukiza.

Wahasibu wana kitu wanachokiita thamani ya haki. Usidanganywe na hilo neno haki. Halimhusu hakimu wala Mungu. Maana yake ni bei ambayo kitu kingeuzwa leo, sokoni, kati ya watu wawili wanaojua wanachokifanya na ambao hakuna aliyewashikia fimbo. Na tena hawaangalii wewe unakitumia vipi. Ukiwa na kiwanja katikati ya mji ukakifanya banda la kuku, kitapimwa kama kiwanja cha katikati ya mji, kuku wako watajijua. Kampuni ya Anthoula ilipima ardhi yake yote hivyo kila Juni, kwa sababu benki iliyowakopesha iliweka sharti kwamba thamani ya ardhi isishuke chini ya kiwango walichokubaliana.

"Mimi shida yangu ni ndogo," Tamsin aliendelea. "Mthamini anasema pale si shamba la mizabibu, ni sehemu ya kuegesha boti za watalii, zile zenye vyumba vya kulala. Sawa, namwelewa. Lakini bei iliyolipwa Machi nayo ni ushahidi. Kama huyo mzee alijua habari za boti, na aliuza kwa hiari yake, basi soko limesema laki mbili na kumi, na mthamini atafute kazi nyingine. Na mashamba yenu mengine yanayogusa mto nayo yatashuka. Kama hakujua, bei yake haipimi kitu, naiweka kando. Nataka nikamuulize mwenyewe."

"Mzee ni mgonjwa," Anthoula alisema haraka.

"Sitamchosha. Maswali mawili matatu."

"Hasemi Kiingereza."

"Si wewe utanitafsiria?"

Hapo Anthoula hakuwa na pa kutokea. Alimwambia watakwenda kesho yake, akaenda kusimama chooni, bomba likimwaga maji, asifanye chochote.

Alijua kila kitu kilivyokwenda, hatua kwa hatua. Karvelas alikuwa jirani na rafiki wa baba yake, marehemu Lazaros. Wanaume wale wawili walifika kwenye nchi ile ya mchanga mwekundu wakiwa vijana kutoka Ugiriki, wakapewa mashamba yanayopakana, wakagawana maji ya pampu moja. Anthoula alikulia kwenye nyumba mbili. Alipoungua mkono utotoni, aliyembeba kumpeleka hospitali ni Mjomba Anestis, maana baba yake alikuwa ameishiwa nguvu kwa kulia.

Halafu bei ya zabibu nyekundu ikaanguka. Mwaka wa kwanza watu walisema itapanda. Mwaka wa pili walisema Mungu yupo. Mwaka wa tatu wengine waliziacha zikauke kwenye miti, kwa kuwa kumlipa mchumaji kulizidi bei ya zabibu zenyewe. Katikati ya hayo Mjomba Anestis akapigwa na kiharusi. Kilikuwa kidogo, walisema madaktari. Kilimwachia miguu, kikamlegezea mkono wa kulia, na kikamfutia Kiingereza chake chote alichokusanya kwa nusu karne. Kigiriki cha kijijini kwao kilibaki kizima. Alirudi kutoka hospitali akiwa mgeni upya katika nchi aliyozeekea.

Mwezi Februari alikuja ofisini, amevaa koti la kanisani.

"Mwanangu, nimechoka," alisema. "Nauza."

"Pole, Mjomba. Umeshamwambia dalali?"

"Dalali wa nini? Aje aniwekee bango langoni, Shamba Linauzwa, na harusi ya mjukuu wangu Zinovia ni baada ya Pasaka? Wakwe wanatoka Melbourne, wapite chini ya bango? Watasema wameoa kwa mufilisi." Alitikisa kichwa. "Kampuni yenu inanunua mashamba. Nunueni kimyakimya. Bei niambie wewe. Wewe ndiye uliyesoma."

Bei niambie wewe. Anthoula alikuwa ameyasikia maneno yale mara nyingi tangu wakati huo, akiwa anaosha vyombo, akiwa ibadani.

Kwa sababu alijua. Kona ile ya mto ina kina kizuri na ukingo ulioinama taratibu, na kusema kweli hakuna mkulima hata mmoja wa pale aliyewahi kuutazama ukingo. Mkulima anaipima ardhi kwa mzabibu unaosimama juu yake. Mto kwake ni mahali pampu inaponywea. Anthoula peke yake ndiye aliyesomea kutazama kwa jicho lingine, na mafunzo yale yalimfikisha hapa: aliketi na mzee yule, akampigia hesabu ya mizabibu. Akamwambia mizabibu ya siku hizi haina thamani, ni mzigo, anayenunua itabidi aingie gharama ya kuing'oa. Akaikata gharama hiyo kwenye bei. Mzee mwenyewe akaitikia, akasema ni haki, asije akamtia hasara mtu.

Kesho yake simu ililia. Bwana mmoja mwenye boti za watalii huko Mildura alitaka kujua kama kuna anayeuza shamba linalogusa maji, hasa hasa kwenye kona ile.

"Huku hakuna anayeuza," Anthoula alimjibu.

Sentensi fupi kabisa, na hakuna aliyemwagiza aiseme. Hakuahidiwa chochote. Alijiambia anafanya kazi yake, mnunuzi hatakiwi kumtafutia muuzaji wateja. Ni kweli, hatakiwi. Lakini muuzaji naye alikuwa hajaja kwa mnunuzi, alikuja kwa mtoto wa Lazaros. Machi hati zikatiwa saini. Aprili bwana wa boti alikuwa anakunywa bia na mkurugenzi, Bwana Hensley, wakizungumzia kukodisha ukingo.

Nyumba waliyopanga wazee ilikuwa mjini, nyuma ya duka la mikate, vyumba viwili vyenye dirisha linalotazama ukuta. Shangazi Evdokia, mkewe Mzee Karvelas, aliwafungulia mlango bila maneno mengi. Huyu mama alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukausha matunda mpaka akastaafu, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemsikia akisema Kiingereza zaidi ya asante na kwaheri. Watu waliamini hakijui. Aliwawekea kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, na maganda ya machungwa yaliyopikwa kwa sukari, kila mtu kijiko chake na glasi ya maji.

Mzee Anestis alikuwa amenyoa. Alipomwona Anthoula uso wake ulifunguka wote.

"Karibu, karibu, tajiri! Huyu mwembamba ni nani? Mwambie ale, hajaolewa nini?"

"Anasema karibu, na ule," Anthoula alimtafsiria Tamsin.

Tamsin alikula kwa adabu, akafungua daftari, akauliza swali la kwanza: kuna mtu yeyote aliyemlazimisha kuuza?

Anthoula alilitafsiri lilivyo. Mzee alijivuta akakaa wima.

"Kunilazimisha? Mimi? Mwambie Karvelas halazimishwi. Wajerumani walimshindwa babangu kule vitani, nitalazimishwa na zabibu? Nimeuza kwa hiari yangu, kwa mtoto wangu mwenyewe, na kanipa bei ya haki. Wenzangu wameuza kwa wageni wakaliwa. Nawaambia kila siku klabuni, nyinyi mlikosa kuwa na Anthoula. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

Ilibidi aseme. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, kwamba mzee anasema aliuza kwa hiari na kwamba bei ilikuwa ya haki. Maneno ya kujisifu mwenyewe alilazimika kuyatoa kwa kinywa chake, na yalikuwa machungu kushinda kahawa.

"Vizuri," Tamsin alisema. "Sasa muulize, wakati anauza, alijua kwamba kuna watu wa boti za watalii wanaoutaka ule ukingo? Kwamba wangeweza kulipa zaidi?"

Chumba kilikuwa kidogo, jokofu lilikuwa linanguruma. Mzee alimgeukia Anthoula, akingoja, macho yamejaa hamu ya mtu aliyekosa wageni kwa muda mrefu.

"Anasemaje?"

Anthoula alifungua mdomo. Kumuuliza kwa Kigiriki swali lile ilikuwa sawa na kumwambia. Angeuona uso ule ukifungika. Basi akasikia ulimi wake ukisema:

"Anauliza kama ulikuwa unaziona boti za watalii zikipita pale shambani."

"Boti!" Mzee alicheka. "Kila siku! Wanakaa nusu uchi juu ya paa, wananipungia mkono, na mimi nawapungia. Shangazi yako alikuwa ananikataza."

"Anasemaje?" Tamsin aliuliza.

"Anasema..." Akanywa maji. "Anasema habari za boti alikuwa anazijua."

Tamsin aliandika. Alionekana kushangaa kidogo, akauliza kama ana uhakika, na Anthoula akasema ana uhakika. Waliagana. Mzee alimbusu Anthoula kwenye paji la uso na kumkumbusha asisahau kumwashia mshumaa Lazaros.

Tamsin alitangulia kwenye gari. Shangazi Evdokia alimsindikiza Anthoula hadi mlangoni, akauvuta mlango nyuma yao ukabaki wazi kidogo tu.

"Nimesikia alichouliza yule binti," alisema. "Na nimesikia ulichouliza wewe."

Anthoula alimgeukia.

"Shangazi..."

"Kiwandani msimamizi alikuwa anatutukana kwa Kiingereza akidhani sisi magogo. Nilisikia kila neno na nilinyamaza, nikapata mkate wangu. Nimezoea." Hakupandisha sauti. "Sijui ni pesa ngapi na sitaki kujua leo. Lakini sikiliza. Yule mwanamume amepoteza shamba, amepoteza mkono, amepoteza na lugha ya kununulia chumvi. Amebaki na kitu kimoja cha kujivunia klabuni, nacho ni wewe. Usije hapa siku moja kujitua mzigo wako ukamtwisha yeye. Kama una cha kuleta, lete pesa. Maneno baki nayo."

Akarudi ndani. Anthoula alikwenda kwenye gari, akawasha, akaliendesha hadi daraja la mto, na pale akasimama kando ya barabara.

"Hakujua," alisema.

"Nini?"

"Mzee hakujua habari za watu wa boti. Nilikutafsiria uongo. Mwenye boti alinipigia simu kabla hatujanunua, nikamwambia hakuna anayeuza. Nilijua, mzee hakujua. Nilimdanganya, Tamsin."

Hakuwahi kulisema, hata kwa mumewe. Alingoja aone kitakachomshukia. Tamsin akapenga kamasi, akafungua daftari lake na kufuta mstari.

"Basi shida yangu imekwisha," alisema polepole. "Shamba halikutangazwa, muuzaji hakuwa na habari. Bei ya Machi naiweka kando. Laki nne na themanini inasimama." Akamtazama. "Dada, umeniokolea wiki nzima ya kazi."

"Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia." Binti wa watu alikuwa amepata haya, ukweli lazima usemwe. "Lakini mimi napima shamba lina thamani gani. Nani alimfanyia nini nani, hiyo... karatasi zangu hazina mahali pa kuiandika. Nisamehe. Na hilo la kunitafsiria uongo, tafadhali usirudie."

Basi huyo ndiye hakimu aliyempata. Amekiri kosa akaambiwa asante. Waliendelea na safari, na kila Anthoula alipobadilisha gia alijiona mjinga kwa kutaka kulia.

Siku hesabu zilipotiwa saini, Bwana Hensley aliagiza pai za nyama kwa ofisi nzima. Benki ilikuwa imeridhika, thamani ya ardhi haikushuka, tena imepanda, na sababu kubwa ni ile kona ya mto. Alimkumbatia Anthoula mbele ya watu.

"Huyu mama jicho lake ni la tai! Wenzake wanaona majani, yeye anaona pesa."

Walipiga makofi. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini yapo na masifu yanayomwaga tembo lote chini. Anthoula aliiacha pai yake mezani. Alimfuata bosi hadi ofisini, akafunga mlango.

"Clive, tumlipe Mzee Karvelas tofauti."

"Tofauti ya nini?"

"Tulichomlipa na thamani yenyewe. Hakujua habari za boti."

"Lakini wewe ulijua." Bwana Hensley alicheka kwa wema kabisa, bila hila. "Ndiyo maana tunakulipa mshahara, mama. Alitia saini, hatukumwekea kisu. Nikianza kuwarudishia watu pesa kwa sababu walikuwa hawajui, wenye hisa watanifunga kamba. Hebu tazama bahasha yako ya bonasi ya mwaka huu, utacheka."

Ilikuwa kubwa kuliko ya miaka yote. Anthoula aliitazama na hakucheka. Alichukua ile yote, akaongeza akiba yao ya kubadilishia paa la nyumba, na kwanza akamweleza mumewe kisa chote mezani. Mume yule hakumfariji wala hakumlaumu. Alimwuliza tu, kama paa litavuja, waweke ndoo wapi. Fedha hizo hazikufika hata nusu ya deni, lakini alizitia kwenye hundi ya benki na Jumamosi akaenda nyuma ya duka la mikate.

Njiani alikuwa ametunga uongo wa kuzifunika, kama alivyoagizwa na Shangazi Evdokia. Pesa zije bila maneno. Lakini mhasibu anajua kuliko mtu yeyote kwamba hakuna pesa isiyo na jina. Ukiileta mezani lazima useme ni ya nini.

"Mjomba," alisema baada ya kahawa, "kampuni imepima upya. Imeonekana bomba la maji halikuhesabiwa. Hii ni yako."

Mzee alivaa miwani, akaisoma hundi, akaisoma tena. Kisha akaisukuma ikarudi upande wa Anthoula.

"Bomba lipi? Lile lilikuwa bovu, nililifunga mwenyewe kwa mpira wa baiskeli. Wamekosea. Warudishie."

"Hawajakosea, Mjomba."

"Wamekosea, nakwambia! Tulikubaliana bei, nikatia saini, nikala. Karvelas hali mara mbili."

"Chukua, mwanamume wewe," Shangazi Evdokia alisema kutoka kwenye sinki, bila kugeuka. "Mtoto kakuletea."

"Nichukue cha watu? Kesho waje kugundua, wamfukuze mtoto kazi kwa ajili ya bomba langu bovu?" Alimshika Anthoula kiganja kwa mkono wake mzima. "Mwanangu, usijiponze kwa ajili yangu. Najua unataka kunisaidia. Ulishanisaidia. Ulinipa bei ya haki, basi, inatosha."

Hapo ndipo alipoona amefika ukutani. Uongo usingeifikisha ile pesa kwa mtu huyu hata angeutunga mzuri vipi, kwa sababu yeye hapokei asichostahili. Angepokea kama angejua ni yake, na hawezi kujua ni yake bila kujua iliibwa na nani. Anthoula alimtazama Shangazi Evdokia. Mama yule alikuwa ameacha kuosha, mikono imezama kwenye maji. Alitikisa kichwa, usiseme. Au labda alikuwa akitikisa kichwa tu, kama mtu aonaye jambo lisilozuilika.

"Si ya bomba," Anthoula alisema. "Mjomba, siku ile uliponiuliza bei, nilikupigia bei ya mizabibu. Nilijua ukingo wako una thamani ya zaidi ya mara mbili, kwa ajili ya zile boti. Kulikuwa na mtu anautafuta. Alinipigia simu nikamwambia huku hakuna anayeuza. Nilijua huna bango, nilijua hutauliza mtu mwingine. Nilikuibia. Hii ni sehemu, nyingine nitaleta nikipata."

Alitegemea kelele. Alizitamani hata. Mzee alivua miwani, akaiweka mezani taratibu, akamgeukia mkewe.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya yule binti mwembamba."

Akaitikia kwa kichwa. Kutoka duka la mikate ilisikika mashine ikikata mkate, na mtu akiimba vibaya. Baada ya muda mzee alinyoosha mkono wa kushoto, akaivuta hundi ikarudi upande wake.

"Hii sasa naipokea," alisema. "Evdokia, niletee karatasi na kalamu."

"Ya nini, Anestis?"

"Nimwandikie risiti."

"Mjomba, hakuna haja," Anthoula alisema. Maisha yake yote hajawahi kuacha hata dola moja ipite bila risiti, na leo angelipa chochote asiandikiwe ile. "Tafadhali. Wewe na baba hamkuwahi kuandikiana."

"Hatukuwahi," mzee alikubali. "Maji tuligawana kwa mdomo. Trekta kwa mdomo."

Karatasi ililetwa. Aliandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda: Nimepokea kutoka kwa Bi. Akaishia hapo, kalamu hewani. Aliinua macho akamtazama, kwa adabu kama anavyotazamwa mtu wa dirishani benki.

"Jina la mume wako," aliuliza, "linaandikwaje?"

Anthoula akamtajia Mavroudis, herufi moja moja.